Niweke wakili kwa zuio la nyumba na matunzo ya watoto, au nijisimamie mwenyewe? Niko Temeke

Cherehani Mbili
Habari zenu wakuu. Mimi humu huwa nasoma tu napita, leo yamenifika naomba mawazo yenu na mnisamehe kama itakuwa ndefu.

Nina ndoa ya bomani, tuna watoto wawili, mkubwa miaka tisa mdogo mitano. Mwenzangu ni dereva wa kampuni moja, ameajiriwa kabisa mshahara unapita benki, mimi ni fundi nguo hapa Mbagala. Alihama nyumbani akaenda kuanza maisha na mwanamke mwingine, hela ya watoto anatuma akijisikia, akichukia hatumi. Nikaenda baraza la usuluhishi la kata, siku ya kwanza alikuja akakaa kimya, siku nyingine zote hakutokea, mwisho baraza wakanipa fomu kwamba imeshindikana. Baada ya hapo nikawa natulia kwanza nijipange, sikuwa na haraka ya talaka wala nini.

Sasa kilichonitoa usingizini ni nyumba. Tuna nyumba Chanika, imepauliwa bado plasta na madirisha, tulianza kujenga nikiwa na mimba ya mtoto wa pili. Juzi jirani wa kule kanipigia anasema dalali kaleta watu wanapima wanaangalia. Kiwanja hakina hati, kuna karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa na jina ni la kwake peke yake. Nimempigia simu ananiambia nyumba ni yake, na kwamba ameshaongea na wakili wake nisimsumbue.

Nimeulizia wakili mmoja mwenye ofisi kaniambia milioni tatu mpaka hukumu, nusu naitanguliza. Kuna mwingine nimeletewa na shoga yangu, huyu hana ofisi, anakaa pale nje ya mahakama, anasema laki nane kila kitu mpaka talaka mkononi na zuio anatoa ndani ya wiki. Mimi kusema ukweli hata hiyo laki nane lazima niuze cherehani moja.

Swali langu, haya maombi ya zuio na ya matunzo na ya kukaa na watoto, ni lazima wakili? Au nipeleke tu mwenyewe Mahakama ya Mwanzo nieleze kwa mdomo? Na huyu wa laki nane mnamuonaje?

---

Mgosi wa Ndima
Dada pole sana. Kwa kifupi usitoe hata mia. Nenda Mwanzo, ndoa zote wanasikiliza, iwe ya kanisani ya msikitini ya bomani, unajaza fomu unaeleza shida yako hakimu anaandika. Na uzuri wa Mwanzo wakili haruhusiwi kukanyaga, kwa hiyo huyo wakili wake anaemtishia nae atabaki nje anakunywa chai. Mawakili wengi wa kesi za ndoa wanapiga danadana tu, leo inatajwa, kesho hakimu yuko likizo, keshokutwa jalada halionekani, na kila ukienda nauli ya wakili unalipa wewe.

---

Toga Kuukuu
Mgosi hapo kwenye ndoa zote uko sawa, ila hilo la wakili kutokukanyaga Mwanzo lilishapitwa. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021, sasa hivi kama Mahakama ya Mwanzo inaongozwa na Hakimu Mkazi basi wakili anaingia kama kawaida. Na mahakama za mwanzo za mjini nyingi siku hizi zina mahakimu wakazi. Kwa hiyo asijipe moyo kwamba atakutana na mume peke yake.

Dada Cherehani, mimi ni wakili, sitafuti kazi humu kwa hiyo sitaki inboksi ya mtu, nakujibu tu. Kabla ya yote naomba unijibu kitu kimoja: hiyo fomu ya baraza ina tarehe gani? Sitaki tarehe yenyewe humu, niambie tu imekaa muda gani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ombi la talaka liambatane na cheti cha baraza ambacho hakijazidi miezi sita tangu kitolewe. Watu wengi wanapewa fomu wanaiweka kabatini "nijipange kwanza", wakija kufungua shauri wanaambiwa imepitwa na wakati warudi baraza, na mume safari hiyo anakuja kwa makusudi ili azungushe. Angalia pia kama ni fomu yenyewe na imesainiwa, sio barua tu ya mtendaji yenye muhuri. Mashauri kibao yamefutwa huko juu kwenye rufaa baada ya miaka ya kuhangaika, sababu ni kikaratasi cha baraza kilikuwa na kasoro.

Pili, zuio halisimami lenyewe. Watu wanadhani unaenda mahakamani unasema "nataka zuio" basi unapewa. Zuio ni ombi dogo linaloning'inia kwenye shauri la msingi, kwa hiyo lazima ufungue shauri la talaka na mgawanyo wa mali kwanza, au vyote siku hiyo hiyo. Ukienda Mahakama ya Wilaya unapeleka ombi la talaka, halafu pembeni yake maombi ya zuio yakiwa na kiapo chako (maelezo ya maandishi uliyoyaapia kuwa kweli) na hati ya dharura inayoeleza kwa nini haliwezi kusubiri foleni. Hakimu akiona kuna hatari kweli anaweza kutoa amri ya muda, hali ibaki kama ilivyo, hata kabla mwenzio hajasikilizwa, halafu mnaitwa wote.

Sasa hapo ndipo wakili anapokuwa na kazi, kwenye kiapo. Matunzo na watoto unaweza kujieleza mwenyewe vizuri tu, mama yeyote anajua mtoto anakula nini na ada ni shilingi ngapi. Kiapo cha zuio ni kitu kingine. Mahakama zetu bado zinapima zuio kwa vigezo vya kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969: je kuna mgogoro wa kweli wa kuamua na dalili kwamba unaweza kushinda, je bila zuio utapata hasara isiyofidika kwa pesa, na je nani ataumia zaidi, wewe ukinyimwa au yeye akizuiwa. Kila kigezo lazima kionekane kwenye kiapo chako kwa matukio, sio kwa malalamiko. Ukiandika "mume wangu ni katili na mzinzi" umejaza ukurasa lakini zuio hujaomba. Na huwezi kuapa maneno ya jirani kama umeyaona wewe, inabidi useme umeyapata kwa nani, na bora zaidi jirani mwenyewe aape kiapo chake. Upande wa pili wakiona kiapo kina hoja za kisheria au umbea wanaleta pingamizi aya zifutwe, zikifutwa hizo maombi yako yanabaki mifupa.

---

Mgosi wa Ndima
Haya mkuu nimekubali, hilo la 2021 lilinipita.

---

Binti wa Kurasini
Mdogo wangu, mimi nimepita hiyo njia hapo hapo Temeke. Kuna Kituo Jumuishi cha Mahakama cha masuala ya familia, kilianza 2021, pale ndani kuna mahakama ngazi zote za hayo mambo, Mwanzo, Wilaya, Watoto mpaka Mahakama Kuu, mirathi ndoa watoto vyote pale pale. Na zaidi ya mahakama kuna ustawi wa jamii na watu wa msaada wa kisheria wanakaa humo humo. Yaani usianzie kwa mtu wa nje ya geti, pita ndani waulize mapokezi dawati la msaada wa kisheria liko wapi.

Mimi nilisaidiwa bure kuandikiwa nyaraka zote. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, mtu asie na uwezo anapewa msaada bila kulipa, na unaweza kuombewa usamehewe hata ada ya mahakama. Mashirika yako mengi, TAWLA wale wanasheria wanawake, WLAC wale wa msaada wa kisheria kwa wanawake, LHRC wale wa sheria na haki za binadamu, wote wanashika kesi za ndoa na watoto. Kitu kimoja tu ujue, wale wasaidizi wa kisheria wa kata kazi yao ni kukuelekeza na kukusaidia mambo ya awali, hawaruhusiwi kusimama mahakamani kwa niaba yako na hawaruhusiwi kukutoza. Akikuomba hela ya "kusukuma faili" huyo jua si mwenzetu.

Ila nisikudanganye, msaada wa bure una foleni. Mwanasheria mmoja ana watu wengi, unaweza kuambiwa rudi wiki ijayo, na wewe nyumba inapimwa na dalali. Kwa kesi yako ya watoto ningesubiri foleni, kwa nyumba hapana.

Na wakati unasubiri andika barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wa kule Chanika leo leo, mwambie wewe ni mke wa ndoa, nyumba ni ya familia, kuna mgogoro na hujaridhia mauzo yoyote. Ambatanisha kopi ya cheti cha ndoa. Bakiza kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kiwanja kisicho na hati kinauzwa mbele ya mwenyekiti na mashahidi, sasa mwenyekiti akiwa na barua yako mezani hatathubutu kugonga muhuri kirahisi, anaogopa kuitwa shahidi.

---

Toga Kuukuu
Hiyo barua ya Binti wa Kurasini ni dhahabu, na inafaa pia kama kielelezo kwenye kiapo. Niongezee tu msingi wake, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanandoa hawezi kuuza, kugawa, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake ndoa ikiwa bado ipo, haijalishi jina la nani liko kwenye karatasi. Ingekuwa na hati mngeenda kwa Msajili wa Hati kuweka pingamizi kwenye daftari. Haina hati, basi silaha ni serikali ya mtaa na mahakama. Ila mtabishana kama nyumba ambayo hamjahamia ni "nyumba ya ndoa", kwa hiyo kwenye maombi usiegemee hapo tu, sema pia ni mali iliyochumwa pamoja na kwamba akiuza sasa hivi mgawanyo utakuwa wa nini.

---

Baba Wawili
Ngoja na mimi nitoe upande wa wanaume kidogo msinirushie mawe.

Mimi ndio nilikuwa naombewa zuio na matunzo. Nakubali mwenye nyumba yake asiuze kinyemela, lakini dada angalia sana unachoapa. Mwenzangu alichukua mtu wa kumwandikia maombi ya matunzo, akataka apate nyingi akaandika yeye hana kipato chochote ni mama wa nyumbani tu. Baadae kwenye kesi kubwa anadai mgawo kwamba alichangia ujenzi kwa biashara yake ya vitenge. Wakili wangu akatoa kile kiapo cha kwanza akauliza, mama lipi la kweli? Hapo hakimu alikuwa anaandika tu.

Kwa hiyo hili wazo la kulipa wakili wa zuio peke yake halafu matunzo uandikiwe na mwingine mi naona lina hatari. Karatasi zote zinakutana kwenye meza moja. Kama una hela ya mmoja mpe yote moja, na kama huna basi nenda na hao wa bure kwa yote, lakini usichanganye kama mboga ya mabaki.

Halafu kuhusu watoto usiwakataze baba yao kama silaha. Mimi nilikuwa na mtoto chini ya miaka saba nikaambiwa sheria inaanza kwa kudhania mtoto wa umri huo ni vizuri akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sawa. Lakini nilipoonyesha nazuiwa hata kumuona wikiendi hakimu hakufurahia, na afisa ustawi aliandika hivyo hivyo kwenye ripoti yake.

---

Cherehani Mbili
Jamani asanteni, nimelia na kucheka humu. Toga nimeangalia fomu, imeshafikisha miezi mitano na siku. Yaani nilikuwa najua haina mwisho. Ni fomu kabisa sio barua, ina saini ya mwenyekiti na wajumbe.

Baba Wawili umenishtua, maana yule wa laki nane alishaanza kuniambia "tutasema huna kazi". Mimi kazi ninayo na ndio iliyonunua mabati, risiti zipo za dukani kwa jina langu na meseji za kutuma hela kwa fundi zipo kwenye simu. Mchango wa kumwaga jamvi la zege alitoa mume.

Sasa naulizeni, nikisema ninashona si atakatwa kidogo kwenye matunzo?

---

Binti wa Kurasini
Hapana mdogo wangu, matunzo ya watoto ni wajibu wa baba, wewe kuwa na cherehani hakumuondolei. Mahakama inaangalia kipato cha kila mmoja na mahitaji ya mtoto, basi. Wewe orodhesha: kodi, chakula, ada na michango ya shule, usafiri wa mkubwa, bima au matibabu, nguo. Weka risiti. Yeye ni mwajiriwa, hati yake ya mshahara itaongea yenyewe, na akikaidi amri ya mahakama kuna kukazia, yaani kuomba mahakama ilazimishe amri itekelezwe, watu wameishia kukatwa mshahara huko huko kwa mwajiri. Mimi wa kwangu alikuwa amejiajiri nilipata tabu kuthibitisha anaingiza nini, wewe hapo umeshavuka mlima.

---

Toga Kuukuu
Miezi mitano na siku, sawa. Sasa huna wiki tatu za kuzunguka unaulizia bei. Shauri lisajiliwe kabla fomu haijafa.

Baba Wawili ana hoja na nitaigawa. Ni kweli viapo vinakutana na lazima vielewane, kwa hiyo mtu wa pili lazima asome cha mtu wa kwanza kabla hajaandika neno. Lakini sikubali kwamba lazima ununue kifurushi kizima. Wakili unaweza kumlipa kwa kazi iliyotajwa: kuandaa ombi la talaka, maombi ya zuio na kuyasimamia mpaka uamuzi wa zuio utoke. Hapo hapo kwenye ombi la talaka anaweka maombi ya mgawanyo, watoto na matunzo, na maombi ya matunzo ya muda anayaandika kwa pamoja ili hadithi iwe moja. Baada ya zuio kutoka, ushahidi unaweza kuendelea na msaada wa kisheria au mwenyewe. Tangu 2021 sheria imeweka Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo angalau hutakaa kizimbani unasikiliza watu wanaongea Kiingereza juu ya nyumba yako.

Milioni tatu sio bei ya mbinguni, mazungumzo yapo. Kuna amri ya malipo ya mawakili ya 2015 lakini kwa mashauri ya familia watu wengi wanapatana. Unachotakiwa kuuliza sio "shilingi ngapi" peke yake, uliza ndani yake kuna nini. Maombi madogo yamo? Usuluhishi wa mahakamani umo? Rufaa? Kukazia hukumu? Nauli ya kwenda Chanika mahakama ikitembelea eneo? Vinginevyo unalipa milioni tatu "mpaka hukumu" halafu hukumu imetoka, mume hatekelezi, unaambiwa kukazia ni mkataba mwingine. Iandikwe, msaini, na kila hela ipate risiti. Ada za mahakama zenyewe zinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, unaziona kwenye simu yako, hazipiti mfukoni kwa mtu.

Huyo wa laki nane sasa. Muulize jina kamili, ingia mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania utafute. Wakili lazima awe kwenye daftari la mawakili na leseni yake anaihuisha kila mwaka, mfumo unaonyesha kama anaruhusiwa kufanya kazi au amesimamishwa. Kama hayumo ni kishoka, wakili feki. Na hata kama yumo, wakili anaekuahidi zuio "ndani ya wiki" na talaka mkononi anakuahidi saini ya hakimu, saini ambayo sio yake. Na anayekufundisha kuapa uongo, kiapo ni chako, kesi ya kuapa uongo itakuwa yako, yeye atakuwa amekaa pale pale nje anasubiri mteja mwingine.

---

Mgosi wa Ndima
Hahaha hao wa nje ya geti nawajua, ana bahasha ya kaki na kalamu tatu mfukoni, ukimuuliza ofisi iko wapi anakuonyesha mti.

---

Kisiki cha Mpingo
Samahani kuingilia, je sisi ambao hatuna cheti? Nimekaa na mwanaume miaka saba, mahari nusu ilitolewa, mtoto mmoja, amenifukuza. Huko baraza wananiambia hamna ndoa hapa.

---

Toga Kuukuu
Kisiki, kifungu cha 160 kinasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi katika hali ambayo jamii inawachukulia ni mume na mke, kuna dhana kwamba walioana. Dhana inaweza kupingwa, ila hata ikipingwa na ndoa ikaonekana haikuwepo, mahakama bado inaweza kutoa amri za matunzo, watoto na mali kama kwenye ndoa. Kwa hiyo baraza hawajamaliza habari. Tafuta mashahidi wa mtaani, barua ya mjumbe, kadi ya kliniki ya mtoto yenye jina la baba. Na matunzo ya mtoto hayahitaji ndoa kabisa, hilo linaenda Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, ndoa iwepo isiwepo. Hapo nenda hata kesho. Kule wanasikiliza faragha na afisa ustawi ndiye anaefanya uchunguzi.

Fungua uzi wako lakini, hapa tutamchanganya mwenye mada.

---

Baba Wawili
Toga swali, hiyo mali ya dada si jina la mume na amesema yeye ndio alimwaga jamvi, je mke anapata nusu moja kwa moja? Maana mtaani wanasema ukioa umegawa nusu.

---

Toga Kuukuu
Hapana, nusu kwa nusu sio sheria yetu. Kifungu cha 114 kinataka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, iwe hela, mali au kazi, mila za jamii yao, madeni yaliyoingiwa kwa faida yao, na mahitaji ya watoto wadogo. Tangu Mahakama ya Rufani iamue kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani na malezi nazo zinahesabika kuwa mchango. Ila usikariri hilo ukaenda mikono mitupu, mchango wa aina yoyote lazima uuthibitishe. Dada hapa ana risiti za mabati, yuko mahali pazuri. Zile meseji asizifute na asibadilishe simu ovyo, zitachapwa na ataapa zimetoka wapi na zimetunzwaje, ushahidi wa kielektroniki bila hivyo unapingwa.

---

Cherehani Mbili
Wapendwa, nimerudi kuwapa mrejesho. Barua imefika kwa mwenyekiti wa Chanika, muhuri nimegongewa, na mwenyewe kaniambia kuna mtu alishamuulizia habari za mauziano. Huyo wa laki nane nimemtafuta e-Wakili kwa jina alilonipa, hakuna mtu. Shoga yangu kaninunia.

Kituo cha Temeke nilienda, dawati la msaada wamenisikiliza vizuri sana, foleni ipo kama mlivyosema. Dada wa pale ndio kanipa wazo, nimerudi kwa wakili mwenye ofisi nikamwambia sina milioni tatu, nina laki tisa kwa kazi ya kufungua shauri, zuio na matunzo ya muda, baada ya hapo nitaendelea na msaada wa kisheria. Alikataa, jioni akanipigia akakubali laki tisa na nusu kwa mafungu mawili. Tumeandikiana, na kopi ya kila alichoandika nitapewa mimi ili wale wa bure waone. Cherehani sijauza, nimekopa kwenye kikoba.

Shauri limesajiliwa na fomu ilikuwa bado hai. Hakimu ametoa amri hali ibaki ilivyo mpaka tusikilizwe wote. Mume kapelekewa wito kazini kwake, kanitumia matusi, nimeyaacha hapo hapo sijajibu.

Swali la mwisho Toga, zuio likitoka rasmi linakaa mpaka hukumu?

---

Toga Kuukuu
Safi sana. Hapana, usilale hapo. Kwa Mahakama ya Wilaya zuio la muda chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai halizidi miezi sita, na linaweza kuongezwa lakini jumla lisizidi mwaka. Nyie mko kwenye ndoa na Sheria ya Ndoa nayo ina vifungu vyake vya kuzuia mtu kuhamisha mali ili kukwepa mgawanyo, kwa hiyo muulize wakili ameomba chini ya kifungu gani na amri inasema muda gani. Soma amri yenyewe iliyopigwa muhuri, sio alichokwambia kwa mdomo. Kama ina ukomo, andika tarehe ya mwezi mmoja kabla yake ukutani, hiyo ndiyo siku ya kupeleka maombi ya kuongeza. Na kopi ya amri peleka Chanika kwa mwenyekiti, na kama dalali anajulikana mpe na yeye, akisaini kuipokea ndio vizuri zaidi.

---

Cherehani Mbili
Naipeleka kesho asubuhi. Dalali namjua, ana kibanda stendi ya daladala.